GARI LISILOTIWA UFUNGUO: LINAVYOFANYA KAZI, NA KWA NINI DEREVA ASILAUMIWE OVYO



Wengi wenu mmetuuliza habari za haya magari yasiyotiwa ufunguo. Unalikaribia gari, unagusa kishikio, mlango unafunguka. Unakaa, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, injini inawaka. Ufunguo wenyewe umo mfukoni mwa suruali muda wote huo, wala hukuutoa. Zamani magari ya namna hii yalikuwa ya wakubwa peke yao. Siku hizi hapa Kigali yako kila mahali, hasa yale ya haibridi, yaani yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja. Na anayeliendesha gari la kampuni, anayeliosha, anayelilinda usiku na anayelitengeneza likiharibika ni nani? Ni mfanyakazi. Kwa hiyo jambo hili ni letu, na tumeona ni lazima tulieleze katika ukurasa huu.

Tuanze na kisa kilichotufanya sisi wenyewe tujifunze.

Mwanachama wetu mmoja, dereva wa kiwanda cha chai, alimleta meneja wake Kigali. Walipofika Nyabugogo wakati wa kurudi, dereva aliomba ruhusa abaki mjini kwa sababu mtoto wake alikuwa hospitali. Meneja akakubali, akahamia kwenye usukani, injini ikiwa inanguruma. Dereva akashuka na kwenda zake. Gari likalia pii, pii, pii, na maandishi yakawaka kwenye dashibodi, lakini gari lilitoka Korea na maandishi yalikuwa ya Kikorea. Meneja akadhani ni mkanda wa kiti. Akaenda nalo vizuri kabisa mpaka Nyirangarama, akasimama kununua mkate, akazima. Aliporudi, kitufe kikagoma. Alikaa pale saa tatu, mpaka dereva alipofika na basi akiwa na ufunguo mfukoni, maana tangu Nyabugogo ulikuwa humo, na yeye mwenyewe hakukumbuka.

Jumatatu dereva alikabidhiwa barua ya kujieleza. Iliandikwa kwamba amelizima gari la kampuni kwa makusudi, na kwamba atakatwa nusu ya mshahara wa mwezi. Hoja ya ofisi ilionekana ina nguvu: kama gari haliwezi kwenda bila ufunguo, lilifikaje Nyirangarama? Basi dereva lazima alifanya jambo fulani akiwa mbali!

Tunakiri kwamba hata sisi viongozi wa tawi hatukuwa na jibu. Sisi tulioishia shule ya msingi tunajua ufunguo wa chuma. Tulikwenda Gatsata kwa fundi mmoja mzee wa magari, akatueleza kwa gharama ya chupa mbili za fanta. Tukarudi kiwandani, tukaomba gari hilo liwashwe uani mbele ya meneja na mhasibu. Askari wa zamu akapewa ufunguo, akaambiwa atembee nao mpaka lango la mwisho, karibu na mizani ya majani ya chai. Gari likalia pii, pii, pii, na injini ikaendelea kunguruma kama kawaida. Tukaomba izimwe, kisha iwashwe tena. Ikagoma. Askari akarudi na ufunguo, ikawaka. Barua ilifutwa siku ileile na mshahara haukuguswa.

Sasa tueleze alivyotueleza yule fundi, pamoja na mengine tuliyoyatafuta baadaye.

Ufunguo wa zamani ni kipande cha chuma chenye meno. Mwizi akivunja swichi na kuunganisha nyaya, gari ni lake. Mwaka 1982 Renault walitoa gari aina ya Fuego lenye rimoti ya kufungulia milango kwa mbali, lakini rimoti hiyo ilikuwa ya milango tu. Badiliko kubwa lilikuja miaka ya 1990, pale kidude kidogo cha kielektroniki kilipofichwa ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo. Kidude hicho hakina betri. Swichi ya gari imezungushiwa waya, na waya huo hukipa kidude nguvu kidogo kwa sumaku, nacho hujibu kwa namba yake. Kompyuta ya injini isipoipata namba inayoijua, hukataa kuiendesha injini. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliweka sheria kwamba kila gari jipya la abiria liwe na kinga ya namna hiyo kuanzia mwaka 1998. Ndugu madereva, yule miongoni mwenu aliyewahi kuchongesha ufunguo wa bei nafuu kando ya barabara, ukafungua mlango vizuri, lakini injini ikawaka sekunde mbili na kuzima, sasa amejua sababu.

Kutoka hapo safari haikuwa ndefu. Chevrolet Corvette ya mwaka 1993 ilifungua milango yenyewe mwenye ufunguo alipoikaribia. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 Mercedes-Benz waliuza magari makubwa yanayofunguka na kuwaka bila ufunguo kutoka mfukoni. Leo hata gari la kawaida linao mtambo huo.

Unapogusa kishikio cha mlango, unaliamsha gari. Gari hupiga hodi kwa mawimbi ya redio ya masafa ya chini, kwa kawaida karibu kilohezi 125, kupitia antena zilizofichwa milangoni, ndani na nyuma kwenye buti. Mawimbi haya yamechaguliwa kwa sababu nguvu yake hufifia upesi sana. Ukisogea mita mbili au zaidi, ufunguo hausikii kitu. Ukiwa karibu, ufunguo uliolala mfukoni huamka na kujibu kwa mawimbi mengine yanayofika mbali zaidi, megahezi 433 kwa magari ya Ulaya, na mara nyingi megahezi 315 kwa yale yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani. Ndiyo maana ufunguo ulionunuliwa Dubai kwa ajili ya gari lililotoka Ulaya waweza kufanana nalo kwa sura na bado usifanye kazi. Msipoteze fedha zenu hapo.

Lakini jibu lenyewe si namba moja ya kila siku. Ingekuwa hivyo, mwizi angeisikiliza mara moja, akairekodi, na kesho akairudia. Fikirini mlinzi wa lango aliyekubaliana na wafanyakazi wa zamu ya usiku kanuni ya siri: chukua namba nitakayoitaja, zidisha kwa tatu, ongeza moja. Leo anasema saba, mfanyakazi anajibu ishirini na mbili. Aliyejificha kichakani akisikia ishirini na mbili hana faida, kwa maana kesho mlinzi atasema tano na jibu litakuwa kumi na sita. Gari hufanya vivyo hivyo. Hutaja namba mpya kila mara, na ufunguo hupiga hesabu kwa siri ambayo ni wao wawili tu wanaijua. Hesabu yetu hii ya mlangoni mtoto wa darasa la nne angeivumbua. Ya gari ni ngumu mno, ingawa si zote zilizo ngumu kama wauzaji wanavyotangaza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba siri ya ufunguo wa Tesla Model S ilikuwa fupi kiasi cha kuigwa kwa sekunde chache. Tesla ikabidi ibadilishe funguo.

Jibu likiwa sahihi, mlango hufunguka. Ukiisha kukaa, antena za ndani hupiga hodi tena ili kuhakikisha ufunguo umo ndani ya gari, haukubaki juu ya paa au mkononi mwa mtu dirishani. Hapo tu, ukikanyaga breki na kubonyeza kitufe, usukani huachiwa na injini hupewa ruhusa.

Sasa tunafika penye jambo lenyewe. Ruhusa ile hutolewa mara moja, wakati wa kuwasha. Injini ikiisha kuwaka, gari halizimi hata ufunguo ukiondoka. Waliolibuni walikusudia hivyo, na tunaona walikuwa na haki. Fikirini betri ya ufunguo imekufa wakati lori la makaa linakufuata mteremkoni, na injini ikazima papo hapo kwa sababu tu haisikii ufunguo! Kwa hiyo gari hulia na kuandika onyo, halafu huendelea na safari. Meneja wetu angeweza kufika Musanze, hata Rubavu, mradi asizime.

Gari halikutambui wewe. Halijui kama wewe ni dereva, meneja au mwizi. Linajua neno moja tu, kwamba limesikia ufunguo uko karibu. Na kusikia kwaweza kudanganywa.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, walichapisha majaribio yao juu ya magari kumi ya viwanda vinane. Walifanya hivi: mtu mmoja anasimama karibu na gari na antena, mwenzake anasimama karibu na mwenye ufunguo, labda nje ya dirisha analolala. Hodi ya gari inapokewa na antena ya kwanza, inapelekwa kwa waya au kwa redio mpaka antena ya pili, na ufunguo unaisikia kana kwamba gari lipo mlangoni. Unajibu. Jibu linarudi. Hakuna siri iliyovunjwa na hakuna hesabu iliyopigwa. Yale maneno yamebebwa tu, kama mtoto anavyotumwa na ujumbe asioufahamu. Magari yote kumi yalifunguka na kuwaka. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kimeendelea kujaribu tangu mwaka 2016, na mamia ya aina za magari yameshindwa jaribio hilo. Gari likisha kuwaka mwizi huondoka nalo, na kama tulivyoona, halitazima njiani.

Msomaji ambaye ni dereva au askari wa zamu asome aya hii mara mbili. Gari laweza kuchukuliwa usiku, kioo hakikuvunjwa, mlango hauna mkwaruzo, ufunguo ungali juu ya meza ya dereva nyumbani kwake. Mwajiri asiyejua atasema: “Umemkopesha mtu ufunguo,” au, “Mlinzi umeshirikiana nao.” Inawezekana kweli, maana sisi si malaika. Lakini kutokuwepo kwa dalili za kuvunja si ushahidi wa hatia ya mfanyakazi.

Tena kuna njia ambayo haihitaji ufunguo hata kidogo. Mwaka 2022 huko London mtafiti wa usalama wa magari, Ian Tabor, aliikuta bampa ya Toyota RAV4 yake imevutwa na nyaya za taa ya mbele zimechomolewa. Alidhani ni wahuni. Baada ya muda gari likatoweka. Yeye na mwenzake Ken Tindell walichunguza, na mwaka 2023 wakaeleza ilivyofanyika. Kompyuta za gari huzungumza kwa nyaya mbili zinazopita sehemu nyingi, pamoja na kwenye taa. Wezi huunganisha hapo kidude kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya muziki, nacho hudanganya kwa sauti kubwa kuliko wengine: “Ufunguo umethibitishwa.” Kompyuta nyingine huamini. RAV4 ni gari tunalolifahamu sana hapa Kigali. Mlinzi akiona bampa imelegea au taa imeguswa asubuhi, asinyamaze akidhani ni mkwaruzo wa kawaida. Aandike na kutoa taarifa saa ileile.

Kuna kinga? Ipo, na nyingine ni ya bei ya bure. Bati huzuia mawimbi. Ufunguo ukilazwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga wenye kifuniko cha bati kinachobana vizuri, kwa kawaida haupati hodi. Msituamini tu: simameni kando ya gari na mkebe mkononi, mguse kishikio. Mlango ukifunguka, mkebe haufai, tafuteni mwingine. Magari kadhaa pia huruhusu kazi hii ya kujifungua izimwe, na utaratibu umo katika kitabu cha gari, kama kitabu kipo. Baadhi ya viwanda sasa hutengeneza ufunguo unaolala kabisa usipotikiswa kwa muda, na magari mapya zaidi hupima muda ambao wimbi linautumia kwenda na kurudi. Wimbi husafiri sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, basi njia ndefu ya wezi hujulikana kwa kuchelewa. Hayo ni ya magari mapya, nasi wengi tunaendesha yaliyokwisha kutumika na wenzetu wa ng'ambo.

Yako mambo mengine matatu ambayo dereva na mlinzi wayajue.

La kwanza ni la kufa na kupona. Ufunguo wa chuma ulitulazimisha kuzima injini kabla ya kuuchomoa. Kitufe hakilazimishi. Mtu hushuka na ufunguo mfukoni akidhani amezima. Kwa gari la haibridi hatari huzidi, maana likisimama huwa kimya kabisa likitumia betri, halafu betri ikishuka injini huwaka yenyewe, hata saa nane za usiku. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwaka 2018 gazeti la New York Times lilihesabu watu 28 waliokufa hivyo Marekani tangu mwaka 2006, magari yakiwa yameachwa yakiwaka katika gereji za nyumba. Mwaka 2019 Toyota walitangaza kwamba magari yao ya Marekani ya toleo la 2020 yatajizima yenyewe baada ya muda. Ya nyuma ya hapo yako barabarani bado. Sisi tunawawazia askari wa zamu ambao chumba chao kimejengwa ubavuni mwa gereji ya bosi, ukuta mmoja, dirisha moja. Gari likiingia, mlinzi na atazame taa za dashibodi kama zimezimika. Akisikia kichwa kinamgonga na kichefuchefu, atoke nje kwanza, aulize baadaye.

La pili: betri ya ufunguo ikifa, gari halijafa. Msivunje kioo. Ndani ya ufunguo mna kipande cha chuma kilichofichwa, huchomolewa kwa kubana kitufe kidogo pembeni, na tundu lake liko kwenye mlango wa dereva, wakati mwingine chini ya kifuniko cha plastiki. King'ora kikilia, kiacheni. Kisha gusisheni ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, mkanyage breki, mbonyeze. Kile kidude kisicho na betri tulichokieleza juu bado kimo, na gari litakisikia. Katika magari mengine pa kuuweka ni penginepo, chini ya usukani au kwenye kitundu karibu na gia. Betri yenyewe ni ya mviringo kama sarafu, mara nyingi imeandikwa CR2032.

La tatu: jinsi ya kuzima gari likiwa mwendoni kwa dharura. Kubonyeza mara moja hakutoshi. Magari mengi hutaka ushikilie kitufe kama sekunde tatu. Mwaka 2009 huko California watu wanne walikufa katika gari la Lexus ambalo pedali yake ya mafuta ilinaswa na zulia la sakafuni. Gari lilikuwa la kuazimwa, na dereva wa gari la kuazimwa hana mtu wa kumfundisha kitufe. Kwanza weka gia huru na kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia. Kuzima kuje baadaye, kwa sababu injini ikizima usukani na breki huwa vizito.

Kwa waajiri tunadai machache, wala hayana gharama. Gari la namna hii lina funguo mbili, basi iandikwe ya pili iko kwa nani. Daftari la makabidhiano liwe langoni, na ufunguo uandikwe peke yake, si “gari” tu, kwa sababu tumeona kwamba vitu hivi viwili huweza kuachana na kila kimoja kikaenda njia yake. Gari likipotea, fundi mwenye kompyuta aitwe kabla ya barua ya kujieleza kuandikwa. Likipatikana, katika magari mengi anaweza kusoma ni funguo ngapi zimesajiliwa humo, na ufunguo wa tatu usiojulikana utamsafisha mtu. Na dereva anayepewa gari jipya apewe nusu siku ya kuonyeshwa, kwa lugha anayoisoma.

Kule kwenye kiwanda cha chai daftari limekwisha kuwekwa, lina mistari ya saa, jina, gari na ufunguo. Meneja naye, akibadilishana kiti na dereva siku hizi, hunyoosha mkono kwanza.